Paka Kutwa Mara Mbili

Mimi sipendi paka. Naliweka hilo mbele kabisa, asije mtu akanisingizia. Nimeshona nguo miaka thelathini na minne, na kwa fundi cherehani paka ni adui. Analalia kitambaa cheupe, anachezea uzi, anaacha manyoya kwenye suti ya bwana harusi. Kila paka aliyechungulia mlangoni kwangu alipokewa na kandambili.

Halafu nikapata kiharusi. Nilikuwa nimesimama na pasi, napiga kola ya shati, mara mkono wa kushoto ukaachia. Haukuuma. Uliachia tu, nami nikaufuata chini, miwani ikavunjika. Hospitali nilikaa wiki mbili. Mguu ukarudi, mdomo ukanyooka, maneno yakarudi yote, hata yale ambayo binti yangu angefurahi yapotee. Mkono haukurudi. Ulining'inia begani kama soksi iliyolowa, ganzi tupu kuanzia kiwiko hadi kucha.

Watu wengi wanadhani fundi anashona kwa mkono wa kulia. Wa kulia unazungusha gurudumu na kukata uzi. Wa kushoto ndio unaoongoza kitambaa chini ya sindano, na bila huo mshono unakwenda unakotaka wenyewe. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Wangeniuliza mimi, ningewaongezea kwamba haupindi hata leso.

Binti yangu ni mwalimu, anaishi mji mwingine, na sina mtoto mwingine. Alinirudisha nyumbani, akapika, akafua, kisha akakaa mbele yangu kama ananisomea matokeo ya mtihani.

"Mama, nakupa miezi mitatu. Mkono ukirudi, unabaki na kazi yako. Usiporudi, cherehani naitafutia mtu, wewe unahamia kwangu. Siwezi kukuacha peke yako hivi."

Chumba alishakiandaa: kitanda, televisheni, dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Alisema kwa upendo, najua. Lakini mtu aliyejilisha kwa mikono yake miaka yote hiyo, ukimkalisha mbele ya televisheni asubuhi hadi jioni, umemzika macho yakiwa wazi. Niliogopa kile chumba kuliko nilivyoogopa kufa.

Kliniki, msichana wa mazoezi ya viungo alinipa mpira wa manjano niuminye mara mia kwa siku. "Ushikishe mkono vitu, mama," aliniambia. "Laini, vigumu, vya moto, vya baridi. Mkono usiotumika ubongo unausahau." Akaniandikia na tyubu ya dawa ya bega. Ule mpira niliuminya siku mbili. Unaminya, unaminya, na mpira wenyewe haukuulizi hali. Siku ya tatu ulibingirika chini ya kabati, nikauacha huko huko.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, ana kibanda cha kutengeneza redio mlango wa tatu kutoka kwangu. Alikuja kila jioni kunicheka, maana ndiyo kazi ya shemeji. Nikampa ile tyubu anisomee karatasi iliyobandikwa na duka la dawa. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Imeandikwa: paka kutwa mara mbili."

"Paka?" nikasema, nikijifanya mjinga. "Siku hizi hospitali wanawaandikia watu paka?"

Ulikuwa utani wangu wa kwanza tangu niugue, na nilidhani umeishia pale. Kesho yake asubuhi akaja na boksi la redio. Ndani yake alikaa paka wa kijivu, sikio moja limechanika, ananitazama kama mteja aliyecheleweshewa nguo.

"Dawa yako hii, shemeji. Asubuhi na jioni."

"Mtoe ndani mwangu!"

"Mgonjwa haulizwi uji," akasema, akaenda zake.

Nikatafuta kandambili. Ilikuwa upande wa kushoto, na upande wa kushoto sikuwa na mkono wa kuiokotea.

Basi akabaki. Shemeji akamwita Kutwa, na jina likamkaa, kwa kuwa kutwa nzima alilala. Tatizo ni alipochagua kulala. Kila nikikaa kwenye kochi, alikuja kushoto kwangu, juu ya mkono ule ule uliokufa, kwa kuwa ndio pekee usiomfukuza. Akiamka alisukuma kichwa chini ya vidole vyangu. Visipojibu, anasukuma tena. Mpira haukuniuliza hali, lakini huyu aliniuliza kila saa.

Mwanzoni nilimpa alichotaka ili anyamaze. Nilishika mkono wa kushoto kwa wa kulia, nikauburuta mgongoni kwake kutoka kichwani hadi mkiani, kama mtu anayepiga pasi kwa pasi ya kuazima. Asubuhi, jioni, na katikati hapo mara nyingi ambazo sikumwambia mtu. Wiki ya tano bega likaanza kuusukuma mkono lenyewe. Vidole bado vilikuwa vijiti.

Mambo mengine yalibadilika bila kutangazwa. Kabla yake nilikuwa nalala hadi saa tano asubuhi, maana ningeamkia nini? Kutwa alitaka chakula saa kumi na mbili na hakutaka maelezo. Nikiinuka kumlisha, nafungua dirisha, na nikishafungua dirisha nafagia. Usiku nililala na mkoromo wake ubavuni, na yale mawazo ya kile chumba yakawa yanachelewa kufika. Kliniki nesi alipima presha, akapima tena, akaniuliza nimepunguza chumvi?

"Nimepunguza kuongea na kuta," nikamjibu.

Mwezi wa pili, siku moja mchana, mkono ulipotea njia ukafika tumboni kwake, mahali asipotaka kuguswa. Akaniuma, kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Uwii!"

Nikautazama mkono. Palikuwa na matundu mawili madogo na tone la damu, na paliuma. Paliuma kweli kweli!

"Niume tena," nikamwambia.

Akanitazama, akashuka kwenye kochi. Nikalia pale peke yangu, kwa furaha, na nikauosha mkono kwa sabuni huku bado nalia.

Lakini maumivu si kazi. Niliketi kwenye cherehani, nikajaribu kitambaa chakavu. Vidole vilishika, vikachoka, vikaachia, mshono ukapinda kama njia ya mlevi. Kile kitambaa nilikificha chini ya godoro. Miezi ikatimia.

Binti akaja na maboksi matatu ya kufungashia. Alimruka Kutwa aliyelala mlangoni. Alianza na kabati, na huko akaikuta ile tyubu.

"Mama! Hii hujaifungua hata kifuniko!"

"Inanuka."

"Inanuka? Miezi mitatu, Mama! Unataka kupona kwa miujiza? Ndiyo maana mkono haujarudi!"

Nilikuwa kwenye cherehani, mkasi katika mkono wa kulia, nakata uzi wa mwisho kutoka kwenye sindano, maana siwezi kuikabidhi mashine yangu ikiwa bado na uzi ndani. Kutwa akaona uzi unacheza. Akaruka juu ya meza, mguu mbele, moja kwa moja kwenye makali ya mkasi.

"We mshenzi!" nikapiga kelele, nikamnyakua, nikamweka pajani, nikaendelea kukata uzi.

Nyuma yangu nikasikia tyubu ikianguka.

"Mama," binti akasema taratibu. "Umemshika kwa mkono gani?"

Nikatazama chini. Mkasi ulikuwa bado kulia. Kushoto, vidole vyangu vitano vilikuwa vimemkaza Kutwa ngozi ya shingo, naye ametulia kama mtoto aliyekamatwa akilamba sukari.

Binti alikaa juu ya boksi, likabonyea. Alilia kama alivyokuwa akilia akiwa na miaka sita, kwa sauti na bila haya. Halafu akafuta uso, akatafuta kitambaa, akakiweka mwenyewe chini ya sindano.

"Shona nione."

Nikatia uzi mpya, nikashona. Shibiri ya kwanza ya mshono ilipinda. Ya pili nayo ilipinda, lakini kidogo. Ya tatu ilinyooka hadi mwisho, na niliipitisha kwa mkono wa kushoto huku paka akiwa pajani.

Aliuchunguza ule mshono kwa muda mrefu. Kisha akaichukua tena ile tyubu, akasoma karatasi yake, akamtazama Kutwa, akaanza kucheka huku machozi hayajakauka.

"Kutwa mara mbili," akasema.

"Hazikutosha, mwanangu," nikamwambia. "Mimi nilizidisha dozi."