Kibali cha Barazani

Jumatano ile, baada ya asubuhi nzima ya kubishana na wifi yangu Mwanasha, usingizi ulinichukua nimeketi kitandani na viatu miguuni. Ubishi ulikuwa mmoja. Kibali changu cha kazi kilikuwa kinakwisha Ijumaa, ombi langu la ukaazi wa kudumu katika nchi hii ya ugenini lilikuwa bado linasomwa, na ipo fomu ya kibali cha muda cha kuendelea na kazi, kwa sisi ambao hatujajibiwa. Mimi sikutaka kuipeleka. Nimelelewa Lamu: ukishapiga hodi ukasikiwa, unatulia, anayerudiarudia hana adabu, na niliogopa wakubwa wakiona ombi la pili watalichukia na lile la kwanza. "Wifi, huo uungwana wako utakuachisha kazi," alisema Mwanasha. "Na Jumamosi wale wazee unaowatunza kazini wataogeshwa na nani?" Nilinuna, nikafumba macho.

Basi nikaota niko katika nchi yenye nyumba moja tu, kubwa, ya chokaa nyeupe, na mlango wake wa nakshi umefungwa. Nje watu wengi walisimama juani kimya, mikono nyuma, hata nyasi zimewaota vidoleni. Mbele yao alikuwa bibi aliyejitanda kanga yenye jina Subira, akinong'ona, "Tulieni, wanangu. Msikohoe. Mtaonekana wasumbufu." Nikajipanga nyuma yao na kujiona nimefika kwa watu wenye adabu.

Hapo akanijia mwanamke mnene, mikono imejaa unga hadi viwikoni, akanishika bega. "Yule ni Woga," akasema. "Kaichukua kanga yangu nilipoianika. Subira ni mimi." Nikamwambia simwamini, kwani Subira niliyemjua hukaa akangoja. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mwanangu, mimi sijakaa tangu nizaliwe. Kwenu mgeni akipiga hodi, na wenyeji wangali wanamtandikia chumba, huachwa juani?"

"La. Hukaribishwa barazani."

"Akikaa barazani, amerudia hodi?"

"Hajarudia."

"Amedai chumba?"

"Hajadai."

"Basi baraza hii wameijenga wenye nyumba wenyewe, kwa ajili ya wanaongoja. Ukiikataa ukasimama juani, hujawaheshimu. Umewafanya waonekane wachoyo."

Nikatazama, nikaona baraza ndefu yenye kivuli, na juu yake watu wakifanya kazi zao: huyu anashona kofia, yule anasuka nywele, mwingine anamlisha mgonjwa uji. Mlango ulikuwa ungali umefungwa, lakini ndani nilisikia karatasi zikifunuliwa. Woga akaniita kwa nyuma, "Utafukuzwa, we mtoto!" Nikageuka, nikaona anajificha nyuma ya ile kanga, nikamhurumia. Kisha nikapanda.

Nilipoamka jua lilikuwa bado dirishani. Nilifurahi, na niliona haya, maana miaka miwili nilikuwa nikiiita hofu yangu adabu, na watu wakinisifu. "Wifi, nipe kompyuta," nikamwambia Mwanasha, naye akanisogezea. Nikaijaza fomu, nikaituma kabla ya alasiri, bila kuomba radhi popote.

Halafu nikampigia simu Nyamvula, mwenzangu wa zamu, ambaye kibali chake kinakwisha Jumatatu. Mwezi uliopita mimi ndiye niliyemwambia angoje kimya.

"Nilikushauri vibaya," nikamwambia. "Omba leo."