Ardhi Haina Mikono

Fundi vioo na mdogo wake, dereva wa lori, hawakuwa watu wa kubishana kwa muda mrefu. Tangu utotoni neno la tatu kwao lilikuwa ngumi. Mama yao alishachoka kuwasemesha. Akiwasikia wameanza, hugonga ukuta kwa fimbo, nao wakiwa na bahati huachana kabla damu haijatoka.

Asubuhi ile dereva alikuja kumchukua mama. Hakuwa amekanyaga pale tangu baba yao azikwe, na sasa alifika na lori tupu, akaliegesha mbele ya karakana na kuingia bila hata salamu. Mama alilala chumba cha nyuma, ukuta mmoja tu ukimtenga na karakana, na kwa dereva hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili lilikuwa unyevu, la tatu vumbi la vioo, la nne kikohozi. Fundi alimsikiliza huku akiendelea kukata kioo cha dirisha. Kisha akamuuliza kikohozi hicho kilipoanza yeye alikuwa barabara gani, na kama anajua mama anageuzwaje kitandani usiku na ni nani anayemgeuza.

"Umemweka mama kama mzigo stoo," dereva alisema.

Fundi akaiweka mezani almasi yake ya kukatia vioo. "Rudia."

Akarudia.

Ngumi ya kwanza ilimpata dereva mdomoni. Alitema jino, akalitazama pale sakafuni kana kwamba ni la mtu mwingine, kisha akamrudishia kaka yake kwa kichwa. Pua ya fundi ikapasuka. Wakashikana mashati, wakaangusha fremu zilizokuwa zikingoja gundi ikauke, wakakanyaga vipande, mmoja akimkaba mwenzake koo, mwingine akitafuta macho kwa vidole. Fimbo ya mama ikagonga ukutani. Wote wawili waliisikia. Wote wawili walijitia uziwi.

Fundi alimkumbata mdogo wake kiunoni, akamnyanyua, akambamiza kwenye ukuta ule ule wa chumba cha mama, kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Ukuta ukalia. Halafu ukaendelea kulia.

Mji ule haukujua tetemeko la ardhi. Hata wazee hawakuwa na hadithi yake. Wazo la kwanza la fundi lilikuwa kwamba lori limeachia breki na kuivaa nyumba. Akageuza shingo kulitazama: lilikuwa palepale, likirukaruka kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Sakafu ikamtoka miguuni. Kutoka chini kulikuja sauti kama ya mtu anayeburuta kabati kubwa, kabati lisilofika mwisho wa chumba. Vioo vilivyoegemezwa kwenye fremu ya mbao vikaanza kugongana kama meno ya mtu mwenye homa, kisha vikaja vyote kwa pamoja.

Dereva bado alikuwa ameshika kola ya kaka yake. Kwa kola hiyo hiyo alimvuta chini ya meza ya kukatia. Kioo kilipasuka juu yao, kikamwagika pande zote, na bamba moja likapita begani kwa fundi na kuifungua nyama mpaka mfupa. Hakuhisi maumivu, alihisi shati limelowa maji ya moto. Paa likashuka upande mmoja. Kisha kukatulia, na vumbi likawa jingi kiasi kwamba hawakuonana usoni.

Walitambaa mpaka nje. Jirani yao, mwashi, alikuwa amesimama barabarani na povu la sabuni kichwani, taulo likiwa mkononi badala ya kiunoni, na hakuna aliyecheka. Wengine walisema bomu. Wengine walisema ni Kiyama. Mtu mmoja akasema tetemeko, neno walilozoea kulisikia redioni likihusu nchi za wenzao.

Ndipo fundi alipogeuka na kuona kwamba chumba cha nyuma hakipo. Palikuwa na rundo la matofali, na bati limekaa juu yake kama kofia.

Walichimba kwa mikono. Vioo vilikuwa vimechanganyika na kifusi, na kila walichokishika kiliwakata, mpaka matofali yakawa yanateleza kwa damu. Kisha kutoka chini zikaja hodi za fimbo, na baada yake sauti.

"Basi, wanangu. Acheni."

"Tumeacha, mama," fundi akasema.

"Mtauana."

Dereva alilala kifudifudi, akaweka mdomo kwenye upenyo. "Mama, si sisi. Ni ardhi. Ardhi imetikisika."

"Ardhi haina mikono," mama akajibu, kwa sauti ya chini, bila hasira. "Nimewasikia mimi."

Wakaendelea kumweleza, mmoja akimkatiza mwenzake, kama watoto wanaojitetea. Hakujibu tena. Na hapo ardhi ikarudi. Ilikuwa fupi safari hii, lakini ukuta uliobaki ulikuwa ukingoja kusukumwa tu. Mwashi alimkamata fundi miguu na kumburuta nje; fundi akampiga teke la tumbo, akarudi mbio. Dereva hakuwa ameondoka hata hatua. Ukuta ulimwangukia mkono na kuuvunja chini ya kiwiko, naye akawa anachimba kwa ule mwingine, akilia kwa kilio kisicho na maneno.

Walipomfikia, jua lilikuwa limeshapinduka. Boriti ilikuwa kifuani pake. Usoni hakuwa na jeraha, vumbi tu, kama mtu aliyetoka kupepeta unga. Mwili ulikuwa bado na joto.

Dereva alisimama. Alimpiga kaka yake usoni kwa mkono wake mzima, akampiga tena, na tena, na fundi hakuinua wake. Watu walitaka kuwaamua. Mwashi akawaambia wawaache. Ngumi zikapungua nguvu zenyewe, mpaka ile ya mwisho ikawa ni mkono tu uliobaki shingoni kwa kaka yake.

Mtaa ule ulizika wengi wiki ile. Wataalamu walikuja na vyombo vyao, wakaeleza kwamba mwamba ulio chini sana ulikuwa umebanwa tangu enzi za mababu na sasa umeachia. Fundi aliwauliza kama kishindo cha mtu kinaweza kuufikia. Wakamwambia haiwezekani, hata kishindo cha watu elfu. Akawauliza tena kesho yake.

Msibani ndugu hao walikaa benchi moja, mmoja na bandeji begani, mwingine na mkono uliovunjika ukining'inia kwa kitambaa shingoni. Waliokuja kutoa pole waliuliza mama amefikwa na nini. Fundi alijibu, "Tetemeko."

Waliomuuliza dereva waliambiwa, "Tulikuwa tunapigana."

Fundi alimsikia kila mara, na hakumsahihisha.