Kiti Kimeridhia Kukaliwa

Usiku wa jana niliota nimeingia kituo cha polisi cha mtaani kwetu, kichwani nimebeba kiti cha jikoni kwangu. Sikuwa na homa. Jioni nilikula ugali na mboga za majani kama siku zote.

Kwanza nieleze habari ya kiti. Binti yangu Atupele anasoma shahada ya uzamili, na utafiti wake unahusu polisi. Alishinda kituoni miezi mingi akiangalia watu wanavyoripoti shida zao. Aligundua hivi: kaunta iko juu, mtu anasimama, na foleni nzima inasikia. Basi mwanamke aliyepigwa na mumewe akigeuka nyuma akawaona majirani, anasema ameibiwa kuku. Dawati la kusikiliza mambo ya nyumbani lipo, lakini huwezi kulifikia bila kupita kaunta, na kaunta imeshaandika kuku. Atupele akapendekeza kiwekwe kiti pembeni, mtu akae, aseme kwa sauti ya chini.

"Umesoma kote huko ili uniambie kiti?" nilimwuliza.

"Kiti, mama."

Maafande walipomsikia mara ya kwanza walicheka. Leo asubuhi alitakiwa kurudi kuwasomea matokeo, na jana aliniambia wakicheka tena, anaacha masomo. Nikamwambia alale.

Sasa, ndotoni, niko kituoni. Hakuna askari anayefanya kazi ya uaskari. Wote wamevaa majoho ya mahafali juu ya sare, wanaandika tasnifu. Mwizi amekuja kujisalimisha, amekumbatia televisheni. Wanampa hojaji.

"Wizi huu ulikuridhisha kwa kiwango gani?" anaulizwa.

"Kwa kiasi."

"Weka alama hapo. Ukimaliza nenda nyumbani, wezi tulionao wanatosha kwa sampuli."

Katikati ya sakafu kuna shimo kubwa.

"Pita pembeni, Mama Atupele," ananiambia Sajenti Mwaipaja, mkuu wa zamu. "Hilo ndilo pengo la utafiti. Makoplo wawili wamo humo, wanaliziba."

"Afande, mapendekezo ya mwanangu yamefikia wapi?"

"Tumeyapokea kwa mikono miwili. Hivi sasa tunafanya utafiti kujua kwa nini hatujayatekeleza."

"Mmegundua nini?"

"Kwamba unahitajika utafiti zaidi."

Nakitua kiti. "Kiti hiki hapa. Kiwekeni, mambo yaishe."

Hapo kaunta inakohoa. Ni ya mbao nzito, na kila ikisema inarefuka.

"Kiti hiki kimenukuliwa wapi?"

"Jikoni kwangu."

"Mwaka?"

"Mwaka niliopata stashahada yangu ya ugavi."

"Na chenyewe kimeridhia kukaliwa? Hapa hatumkalii mtu bila ridhaa."

Naitazama kaunta, nakitazama kiti. Mguu mmoja umefungwa waya wa bluu, kwa sababu Atupele akiwa mdogo alikipanda kufuata sukari. Kiti kinajiweka sawa, kinasema kwa sauti ya shahidi:

"Nimeelezwa madhumuni ya kukaliwa. Nakaliwa kwa hiari yangu. Naweza kujitoa wakati wowote bila kudhurika."

Kisha kinainua mguu wenye waya, kinatia sahihi.

"Ukijitoa mtu akiwa juu yako, nakufanya kuni," nakiambia.

"Huko ni kunishinikiza, Mama Atupele."

"Ndiyo."

Nikigeuka, kituo kimekuwa ukumbi wa chuo. Maprofesa wamekaa juu ya kaunta, miguu inaning'inia. Chini yao amesimama Atupele na tasnifu yake, na tasnifu imefungwa pingu.

"Tasnifu hii inashtakiwa kwa uzururaji," anasema profesa wa katikati huku akimenya karanga. "Imekutwa kituo cha polisi haina msomaji. Adhabu yake ni rafu ya maktaba, maisha."

"Waheshimiwa, ina watoto," naropoka.

"Hao ni viambatisho. Watakwenda nayo."

"Hakuna namna?"

"Ipo. Iwe imebadilisha kitu kimoja kabla hatujaletewa chai."

Atupele ananitazama kama alivyonitazama siku ya kwanza nilipomwacha shuleni. Sina hotuba ya kumpa. Nina kiti. Nakinyakua narudi mbio, na ukumbi ni kituo tena.

Mbele ya foleni yupo mwanamke wa sweta la kijani. Kwapani ana kuku.

"Shida?" inauliza kaunta, kwa sauti ya kufika sokoni.

Mwanamke anageuka, anawaona majirani. "Nimeibiwa kuku."

"Kuku yupi?"

"Huyu."

Kaunta inaandika. Kuku anainua kichwa.

"Afande, mimi naripotiwa kuibwa tangu nikiwa kifaranga, na sijawahi kutoka bandani."

"Kuku asiingilie ushahidi," anasema Sajenti Mwaipaja bila kuinua macho.

Nakisukuma kiti. "Dada, kaa."

"Hapa?" anauliza. "Nikae?"

"Kaa. Kimeshatia sahihi."

Anakaa. Kaunta inamtafuta haimwoni. Inainama, inashindwa, mbao zinalia. Mwishowe haina njia, inaanza kupungua. Inashuka hadi kifuani, hadi kiunoni, hadi inalingana na magoti ya yule mwanamke.

"Sema polepole," inasema, na sauti nayo imeshuka. "Huku chini hakuna haja ya kupiga kelele."

Mwanamke anamweka kuku mapajani. Kuku anashuka mapajani mwake, anajipangusa mabawa.

"Nitasubiri nje," anasema. "Haya hayanihusu."

"Siyo kuku," anasema mwanamke.

Kalamu zote zinasimama. Sajenti Mwaipaja anavua joho, analitundika msumarini, anachuchumaa mbele ya kiti. Makoplo wanatoka shimoni wakilalamika kuwa kumbe lilikuwa fupi. Kwa mbali nasikia pingu zikianguka, na profesa wa karanga akisema, "Kimebadilika kimoja tu. Kidogo sana. Aende, afanye marekebisho madogo."

Nikaamka. Nikaenda jikoni kuchemsha chai, nikakuta viti vimepungua kimoja. Atupele alikuwa ameshaondoka. Nikampigia.

"Wewe, umebeba kiti changu?"

"Kiti gani tena, mama? Nimetoka na begi tu." Akashusha sauti. "Ila hapa kituoni kuna kiti pembeni ya kaunta. Maafande wanaulizana nani kakileta."

"Kina waya wa bluu mguuni?"

Nikasikia begi likitua chini.

"Mama, umejuaje?"

"Wamekucheka?"

"Hawajanisikiliza bado. Wameniambia nisubiri, kuna mama amekikalia. Alikuja kwa habari ya kuku. Sasa sajenti ameacha kuandika, kachuchumaa, anamsikiliza yeye."

Nikazima jiko.

"Basi subiri, usiwakatize," nikamwambia. "Na ukimaliza usirudi nacho. Hapa nyumbani tutakaa kwa zamu."