Utepe wa Shaba wa Eliakimu

Mjukuu wangu Eliakimu anafundisha kemia sekondari huko Gungu, nami humwita mume wangu, maana bibi asipotaniana na mjukuu wake ataniane na nani? Ila mume huyu amenitesa. Aliteka jiko langu la uani, akalijaza mabeseni, mimi nikawa napikia nje kama mpangaji aliyefukuzwa.

Alikuwa anatengeneza nguo inayopitisha umeme. Cheka tu, hata mimi nilicheka.

Chanzo ni Recho. Recho ni binti wa Ndizeye, mvuvi wa dagaa hapa Bangwe, yule ambaye wazazi wake walihamia kutoka Burundi zamani. Eliakimu alipopeleka posa, Ndizeye alimjibu mbele za watu: "Simpi binti yangu mtu anayecheza na maji ya rangi kwenye mabeseni. Kwanza anionyeshe kitu kimoja cha kumfaa mvuvi."

Eliakimu akakubali. Alijua kwamba Ndizeye alishampoteza mwenzake ziwani, mtu alidondoka usiku na hakuonekana tena. Basi akaamua kutengeneza jaketi la kuokolea lenye taa begani. Waya zikishonwa kwenye jaketi hukunjwakunjwa mpaka zikatike, kwa hiyo alitaka utepe wenyewe wa nguo ubebe umeme, kutoka betri ya kiunoni mpaka kwenye taa.

Nilimuuliza atafanyaje, akanieleza polepole kama mtu anayeongea na mwanamke aliyeishia darasa la saba, na hapo hakukosea. Utepe wa pamba unafuliwa hadi utakate. Unachovywa kwenye maji yenye chumvi ya bati, kisha yenye chumvi ya fedha, ile fedha ya pete na bangili. Punje za fedha zinanata kwenye nyuzi, ndogo hata jicho halizioni. Mwisho utepe unaingia beseni la mrututu, huo huo wa bluu wanaopulizia nyanya, uliochanganywa na dawa inayonuka chumba cha maiti. Shaba imo humo ndani ya mrututu. Pasipo na punje za fedha, shaba inajikalia majini. Zilipo, inakuja kutua juu yake, na ikishatua inaita shaba nyingine.

"Hizo punje ndizo kichocheo, Bibi. Zinaanzisha kazi, zenyewe hazipungui."

"Kumbe ni mshenga! Anakutanisha watu, yeye haoi."

"Hapo umepatia."

"Ila mshenga wetu anakula kuku. Huyo wako ana adabu."

Alhamisi mchana Ndizeye akaja kwangu kusema kwamba Jumapili, wakitoka ibadani, atakuja kuangalia hicho kitu, na kisipofanya kazi Recho asitajwe tena. Alisema kwa sauti ya mwenyekiti wa kikao. Nikamwandalia ugali wa muhogo na samaki, migebuka iliyoungwa kwa mawese, akala hadi vidole vikawa vyekundu. Bomba langu lilikuwa limekauka, nikaenda kwa jirani kuomba maji ya kunawa. Niliporudi nilimkuta amesimama karibu na kamba ya nguo, pale Eliakimu alipoanika utepe wake uliofuliwa, mikono nyuma, anatazama juu.

"Mvua hii, Mama," akasema.

Mvua ipi, na jua lilikuwa linapasua utosi?

Jumapili Ndizeye alikuja na Recho, majirani nao wakajaa, na Eliakimu akatoa beseni uani ili mvuvi ajionee shaba ikija. Ule utepe wa kwenye kamba alikuwa ameshauchovya kwenye bati na fedha asubuhi hiyo. Alivaa glavu na barakoa, akatupanga upande ambao upepo hautuletei ile harufu, akautumbukiza. Vikatoka viputo vidogo. Utepe ukawa kama umefifia, ukaingia weusi, kisha ukaanza kung'aa kama sufuria mpya ya bibi harusi.

"Yampaye!" Recho akaruka kwa mshangao. Baba yake akamkazia macho, binti akatulia.

Eliakimu akautoa, akausuuza, akafunga betri upande mmoja na taa upande wa pili, na waya wa majaribio wa kurudisha umeme.

Taa haikuwaka.

Akakaza, akalegeza, akakaza tena. Giza. Recho akaanza kuvuta uzi wa kitenge chake, macho yamemjaa maji.

"Mwalimu," Ndizeye akakohoa, "naona umeme umegoma."

Eliakimu akaugeuza utepe mikononi. Katikati pamebaki peupe, shaba haikugusa. Upande mmoja alama ya kidole gumba, upande wa pili vidole vinne, na cha tatu kifupi. Bangwe nzima inajua ncha ya kidole cha tatu cha nani iliondoka na kamba ya nyavu.

Mjukuu wangu akapagusa pale peupe. "Hapa palishika mafuta," akasema, macho chini. "Fedha haikunata, kwa hiyo shaba haikuja." Akaishia hapo. Ana heshima huyo. Mimi heshima yangu imezeeka.

"Ndizeye mwanangu, lete mkono nikusalimie."

"Nimeshakuamkia, Mama."

"Niamkie tena. Uzee huu, nasahau."

Akaficha mkono nyuma. Recho akautazama utepe, akamtazama baba yake. "Baba! Uliushika?"

"Nilikuwa naangalia kama unakatika."

"Si ulisema ni mchezo wa mabeseni?"

"Na mchezo unaangaliwa!"

Alhamisi ile alikuwa amevilamba vile vidole vikatakata, lakini mawese hayatoki kwa ulimi. Jirani zangu walicheka hadi mmoja akakalia ndoo.

Eliakimu hakucheka. Alihamisha taa, akaifunga upande wa betri, kabla ya ile alama. Ikawaka papo hapo, nyeupe, hata mchana ule. Ndizeye akasogea, akachuchumaa, akaitazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Ingekuwepo usiku ule," akasema kwa sauti ndogo, "ningejua nipige kasia upande gani."

Nikamsogezea kigoda, hakukiona.

Kisha akasimama, akapangusa magoti. "Tengeneza mwingine mzima. Jaketi nitalivaa mimi mwenyewe. Na Jumamosi wazee wako waje nyumbani."

"Mimi na Recho...?" Eliakimu akashindwa kumalizia.

"Ego, ndiyo! Unataka nikuandikie ubaoni?"

Recho akakimbilia ndani ya jiko langu, akalia humo kati ya mabeseni, kilio kile cha furaha kinachosikika mpaka ufukweni. Ndizeye akanyoosha mkono kuchukua ule utepe ulioharibika, eti akautupe. Nikamwahi, nikauviringisha, nikautia kifuani.

Sasa uko sandukuni mwangu. Siku nitakayosikia Ndizeye anamkaripia mkwewe, nitauanika barabarani.