Chemko la Omondi

Omondi alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kuuacha wimbo uishe bila chemko. Chemko mnalijua. Ni pale waimbaji wanaponyamaza, ngoma zinabadilika, na gitaa la solo linapewa uwanja lifanye litakalo mpaka watu wavue viatu. Mtu aliyelelewa kwenye muziki wa benga huona maneno yote ya mwanzo kuwa salamu tu. Mazungumzo yenyewe ni gitaa.

Siku za kazi alikuwa fundi wa mashine katika hospitali moja ya Jeddah, mtu wa heshima zake, kalamu sikioni. Ijumaa alikuwa kiongozi wa bendi ya watu watatu iliyofanyia mazoezi mtaa wa Al-Mahjar, kwenye karakana ya Myemeni mmoja mshona makochi. Magodoro yaliyorundikwa ukutani yalimeza kelele. Myemeni aliapa kwamba anaupenda muziki wao, ingawa kila walipoanza alikumbuka kwenda kunywa chai. Laban, Mkenya mwenzake, alipiga ngoma. Gaudensi, mhasibu kutoka Bukoba, alipiga besi na kulalamika.

Hospitalini ndiko Omondi alikomjua Rohani, muuguzi kutoka Kambodia. Siku moja alimsikia akiimba taratibu huku akipanga dawa, akamuuliza ni wimbo gani. Ulikuwa wa babu yake. Babu alipiga gitaa mjini Phnom Penh zamani, enzi ambazo vijana wa kule waliyachukua magitaa ya umeme na kuyafundisha kuongea Kikhmer. Kisha wakaja watawala walioona muziki ule ni sumu. Waliuhamisha mji mzima kwa nguvu, na wanamuziki wengi hawakuonekana tena. Babu alikuwa mmoja wao. Siku hizi, Rohani alisema, vijana wa kwao wanazifufua nyimbo hizo moja baada ya nyingine, ila huu haujaguswa na mtu, kwa kuwa hakuna mwenye mwisho wake.

Kanda pekee ya babu iliyosalia ilikatika kabla ya mwisho. Mwanamume wa kwenye wimbo yuko safarini, anaikumbuka taa ya nyumbani, anamwambia mkewe, "Nikichelewa, mke wangu..." Basi. Baada ya hapo ni mkwaruzo mtupu.

Aliyeujua mwisho alikuwa mtu mmoja tu aliye hai, Bibi Sary, nyanya yake Rohani, mjane wa yule mpiga gitaa.

"Kila nikimuuliza ananiambia amesahau," Rohani alisema. "Ananidanganya, namjua. Lakini sasa ameanza kusahau kwelikweli, Omondi. Juzi aliniita kwa jina la mama. Akienda na mwisho wa wimbo, babu yangu naye ndiyo amekwisha."

Omondi akamwomba ile kanda. Aliichukua kwenye simu, akakaa nayo wiki nzima, akaifuata noti kwa noti. Babu yule alikuwa mjuzi. Aliziminya nyuzi kama mtu anayemwamsha mtoto, na Omondi, asiyesifu mpiga gitaa mwingine kirahisi, alisema "Aisee" peke yake chumbani.

Wakambodia wa Riyadh walikuwa wanaandaa sherehe ya mwaka wao mpya, na Rohani akaiombea bendi nafasi. Mpango wake ulikuwa mwepesi. Bibi angetazama kwa simu. Bendi ingepiga mpaka pale kanda ilipokatika, kisha wote wanyamaze.

"Mwacheni alisikie lile pengo," alisema. "Labda atalijaza mwenyewe."

"Tuachie hapo hapo?" Omondi aliuliza, kama mtu aliyeambiwa ale ugali bila mboga. "Bila hata climax kidogo?"

"Bwana Omondi," Gaudensi akadakia, "dada wa watu amekwambia anyamaziwe, wewe unamletea habari za chemko. Utaweza kuizuia hiyo mikono yako?"

"Buda, nimesema sawa. Promise. Halas."

Na alimaanisha, maskini. Njia nzima ya kwenda Riyadh alikuwa akijikumbusha.

Sherehe ilikuwa alasiri, kwenye istiraha, nyumba ya mapumziko ya kukodi nje ya mji, yenye bustani ndogo na mazulia. Omondi aliiunganisha simu ya Rohani na spika ili Bibi awasalimie wageni. Kikongwe yule alitokea kwenye kioo cha simu, kofia ya sufu kichwani, akasalimia kwa kifupi kisha akakaa kama aliyepelekwa barazani kwa kesi.

Wakaanza. Rohani aliimba macho yamefumbwa, na gitaa la Omondi likatembea mle mle alimopita yule babu. Wazee wachache waliokuwepo waliinuka. Mmoja alifunika uso kwa viganja. Vijana walianza kupiga makofi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu makofi kwa mtu wa benga ni amri. "Nikichelewa, mke wangu..." Rohani aliimba, akanyamaza. Pengo likafunguka. Vidole vya Omondi vikaingia.

Lilikuwa chemko tamu, tusimnyime haki yake. Laban akaongeza mwendo bila kufikiri, besi ikafuata, vijana wakaruka katikati ya zulia. Rohani peke yake alisimama kama mti, machozi yakimlenga, na Omondi alipomwona ndipo alipojua amefanya nini. Lakini mikono ilikuwa imeshika njia.

Kilichoisimamisha ni sauti kwenye spika. Bibi Sary alikuwa anafoka.

Bendi ikakatika. Watu wakageukia simu.

"Anasemaje?" Omondi aliuliza.

"Anauliza huyo ni nani anayekimbiza farasi," Rohani alijibu. "Anasema mume wake hakukimbia hata siku moja. Anasema wimbo hauendi hivyo."

"Mwambie anisamehe. Mwambie nilikuwa sijui unaendaje."

Rohani akatafsiri. Bibi akamtazama Omondi kupitia kile kioo, hasira bado imemjaa shingoni. Kisha, kwa kumkomoa tu, akaimba.

Sauti ilikuwa imechakaa lakini haikukosea njia. Haikupanda, ilishuka, pole pole. Omondi akaitafuta kwa uzi mmoja, akaipata, akamfuata nyuma nyuma kwa adabu zote. Rohani alitafsiri kwa kunong'ona, mstari kwa mstari:

"Nikichelewa, mke wangu, usiningoje. Kula chakula kabla hakijapoa. Mlishe mtoto. Zima taa, ufunge mlango."

Ukaisha hapo. Wazee walilia waziwazi, na Omondi hakuona haya kulia nao. Bibi yule hakuolewa tena, Rohani alikuwa amekwisha kumwambia, na hakukubali kamwe kuhama nyumba yake na mumewe, aliyorudi kuishi watawala wale walipoondoka.

Rohani akapiga magoti mbele ya simu. "Bibi, kumbe ulikuwa unaukumbuka. Miaka yote hii kwa nini uliniambia umesahau?"

Bibi Sary alivuta kofia yake, akajibu maneno machache. Rohani akamgeukia Omondi.

"Anasema hakusahau. Anasema hakutaka kumtii babu."