Mlevi wa Kanisa

Kanisani walimwita Chupa, tena kwa upendo, au ndivyo walivyodai. Miaka tisa ilikuwa imepita tangu fundi cherehani huyu aache pombe na kubatizwa, lakini kila alipokuja mgeni, mchungaji alimwinua atoe ushuhuda: alivyokuwa akilala mtaroni, alivyouza sufuria za mamake ili akanywe. Watu walicheka, wakalia, wakapiga makofi, wakaenda zao. Yeye alibaki na aibu yake imeanikwa hadharani.

Hivi haki iko wapi hapo? Muuza duka aliyekuwa akipunja watu kwenye mizani aliokoka mwaka uleule. Leo ni mzee wa kanisa, na hakuna mwenye ubavu wa kumwita Mpunjaji.

Safari hii alikuwa anakuja askofu. Mchungaji alimfuata fundi kibandani kwake, akamkuta ameinamia magauni ya kwaya, pini mdomoni.

"Dada Chupa, Jumapili tunataka ule ushuhuda wako. Ila mara hii utie chumvi kidogo. Vaa matambara, uingie unayumba, askofu apate picha."

Fundi alitema pini kiganjani, moja moja. "Niyumbe, mchungaji?"

"Kidogo tu. Ni kwa utukufu wa Bwana."

Binti yake wa miaka saba alikuwa sakafuni akichagua vipande vya vitambaa. Tangu azaliwe hajamwona mamake akinusa hata kizibo. Mchungaji alipotoka tu, akauliza, "Mama, kwani wewe bado mlevi? Wenzangu kanisani wananiita mtoto wa Chupa."

Hasira zilimpanda fundi hadi utosini. Miaka yote hiyo alikuwa ameimeza aibu hiyo akidhani ndio unyenyekevu, kumbe anamrithisha mtoto jina la mlevi aliyekwisha kufa! Alimpakata.

"Mimi ni mtoto wa Mungu," alimwambia. "Na wewe pia. Basi, hakuna la kuongeza."

Hakuwahi kulisema hilo kwa mdomo wake mwenyewe. Alipolisikia, aliliamini.

Jumapili alipoitwa, alipanda mbele na gauni lake la buluu lililopigwa pasi, anatembea wima. Mchungaji uso ulimshuka.

"Bwana asifiwe," alisema fundi. "Huyo mlevi mnayemtaka hayupo. Alikufa. Mchungaji, wewe ndiye uliyemzamisha majini kwa mikono yako, na kanisa zima likaimba. Sasa kila mgeni akija mnanituma nikamfukue! Mnamtakia nini? Kristo amenipa nafasi ya mtoto nyumbani kwake, nyinyi mmenipa nafasi ya kichekesho. Yenu siitaki tena."

Askofu alimgeukia mchungaji, akamuuliza, "Dada huyu anaitwa nani?"

Siku ile ya ubatizo mchungaji alilitamka jina hilo mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu wote. Sasa alimsogelea fundi huku jasho likimtoka, akanong'ona, "Samahani dada, hivi jina lako hasa ni nani?"

Fundi alimkazia macho mpaka mtu mzima yule akatazama chini. Kisha akaisogeza maikrofoni karibu na kulitaja mwenyewe, polepole, kanisa zima likasikia.