Weusi wa Jiwe la Mama

Katika nyumba yetu ya Kumbakonam, kusini mwa India, yenye familia mbili na jiko moja, mama yangu Sivakami alitawala kwa sheria chache zisizojadiliwa. Ya kwanza ilihusu jiwe la dosai. Ni kikaango bapa cha chuma cha kupikia dosai, mikate myembamba ya uji wa mchele na dengu uliochachuka, lakini sisi husema jiwe, na Mama alilipokea kutoka kwa mama mkwe wake likiwa tayari jeusi na laini. Halikuguswa na sabuni. Halikupikiwa kitu kingine chochote. Kazi ikiisha lilifutwa kwa kitambaa, likapakwa mafuta ya ufuta, likatundikwa kwenye msumari wake.

Poongothai, mke wa mdogo wangu, aliivunja sheria hiyo mara moja tu, mwezi ule alioolewa: alipika chapati juu yake. Kesho yake dosai zilinata zikachanika. Mama aliwasimulia wageni kosa hilo hata watoto wa Poongothai walipokwisha kuanza shule.

"Huyu katoka mjini," alikuwa akisema. "Kwao hata ndizi zinaoshwa kwa sabuni."

"Na zilikuwa safi, Mama," Poongothai alijibu, akicheka kuliko wageni.

Asubuhi moja nilisikia mkwaruzo uani, nikaliweka gazeti chini. Mama alikuwa amechuchumaa penye bomba, sari imelowa hadi magotini, akilisugua jiwe kwa waya na sabuni. Povu lilikuwa jeusi. Chini yake chuma kilikuwa kimetokeza, cha kijivu, kama siku kilipotoka kiwandani.

"Mama, unafanya nini?"

"Hulioni lilivyo chafu? Wanawake wa nyumba hii wavivu kweli."

Kwa muda mrefu tulikuwa tumeyaita mambo yake uzee: funguo zilizopotea, mara kadhaa aliponiita kwa jina la marehemu baba. Asubuhi ile neno hilo halikufaa tena.

Tulimwingiza ndani, akabadilishwa nguo, akalala kidogo. Alipoamka alikwenda jikoni kumimina dosai, akalikuta jiwe limeanza kushika kutu. Kilio chake kilituleta sote.

"Nani kafanya hivi?" Macho yake yalitua kwa Poongothai. "Wewe! Chapati hazikukutosha?"

Nilifungua kinywa. Nimelelewa shule ya bweni, ambako aliyemwacha mwenzake aadhibiwe kwa kosa lisilo lake hakusemeshwa na mtu, na sikuwahi kuiona kanuni iliyo bora kuliko hiyo. Lakini Poongothai alinitazama, akatikisa kichwa.

"Ni mimi, Mama. Nisamehe."

"Kwa sabuni?"

"Kwa sabuni."

"Na waya?"

"Na waya, Mama."

Mama aliketi sakafuni, akalipakata jiwe, akalia.

Nilimfuata Poongothai uani. "Hii si haki. Nitamwambia ukweli."

"Utamwambia nini, Shemeji? Kwamba akili inamtoka? Mimi akinitukana, nitakula na nitalala. Yeye ukimwambia, atalalaje?"

Nilirudi ndani. Sikumwambia Mama ukweli siku hiyo, wala siku zozote zilizofuata.

Kesho yake Mama aliita: "Njoo hapa, mharibifu! Nikufundishe upya." Wakalilaza jiwe katika maji yaliyooshewa mchele, wakalikausha, wakalipaka mafuta, wakaliweka motoni na kulisugua kwa nusu ya kitunguu. Siku iliyofuata Mama alikuwa amesahau kwamba alifundisha, akaanza tena. Siku nyingine alisahau hata kosa lenyewe.

"Umeolewa lini, binti?"

"Juzi tu, Mama."

"Basi usiogope. Mimi pia niliogopa. Shika kitunguu hivi, usije ukaungua."

Dosai za mwanzo zilichanika zote, tukawapa kunguru wa ukutani. Jiwe likageuka hudhurungi, kisha jeusi katikati, weusi ukasogea polepole kuelekea ukingoni. Kufikia hapo Mama alikuwa akimwita mdogo wangu "yule bwana". Mimi hakuniita chochote.

Ndipo ikaja asubuhi ambapo dosai ilijiinua yenyewe, nzima, kingo zake zikilia kwa ukavu. Poongothai aliiweka juu ya jani la mgomba mbele ya Mama. Mama alikula yote. Kisha alilitazama jiwe, akamtazama Poongothai kwa adabu tunayowapa wageni.

"Chakula kitamu, dada. Mama mkwe wako lazima anakupenda, kukuachia jiwe kama hili."

"Ananipenda, Mama."

"Sasa naomba mnipeleke kwetu. Mama mkwe wangu ni mkali, na jiwe langu sijalipaka mafuta."

Poongothai alilichukua lile jiwe, likiwa bado na uvuguvugu, akamwekea mapajani, na kitambaa, na kibakuli cha mafuta ya ufuta.

"Nisaidie kwanza hili, Mama. Kisha tutakwenda."

Mama alichovya kitambaa, akaanza kupaka kutoka katikati kuelekea nje, kama alivyopaka siku zote, bila kuacha mahali.